MOSHI HAUNGOJI RUHUSA YA OFISI



Kila mara tunapoleta neno la moshi mbele ya wakubwa wa kazi, jibu ni lile lile. "Hayo ni mambo ya marubani. Ninyi watu wa reli mko chini, moshi ukitokea si mtashuka?" Kisha wanacheka, chai inaletwa, na neno letu linawekwa chini ya faili. Leo twawajibu kwa maandishi, maana karatasi haimezwi pamoja na chai.

Twaanza na hilo la marubani, kwa sababu wamelitaja wao wenyewe, na kwa sababu hawalijui.

Huku kwetu reli haikufika. Mwanachama wa Migori au Homa Bay akitaka kurudi kazini Kisumu, Nakuru au Nairobi hupanda basi, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni. Lakini ndege inatua. Inatua Kabunde, Homa Bay, na inatua Lichota, Migori. Wanaobeba mizigo yake ni ndugu zetu, wanaofyeka nyasi za uwanja ni ndugu zetu, na siku hizi hata abiria mmoja mmoja ni ndugu yetu anayewahi mazishi. Basi mambo ya chumba cha rubani si hadithi za Ulaya. Tena, ni nani mwenye haki ya kusema juu ya moshi kuliko watu ambao gari lao lenyewe liliitwa gari la moshi? Injini za mvuke zimekwisha kustaafu, jina limebaki.

Chumba cha rubani ni kibanda kidogo. Mbele kuna vioo na saa za kila namna, juu ya kichwa kuna swichi, na nyuma ya hizo zote kuna waya juu ya waya. Waya mmoja ukichubuka, cheche inaruka, kitu kilicho karibu kinashika moto, na moshi unatoka mahali ambapo jicho halifiki. Dereva wa treni akinusa hivyo hufunga breki. Rubani hana breki ya kumsimamisha hewani.

Kwa hiyo amefundishwa hivi. Kabla ya jambo lolote avae barakoa ya oksijeni na miwani ya kuzuia moshi, hata kama moshi ni mwembamba kama wa sigara. Wengi huuliza kwa nini asitafute kwanza unatoka wapi. Ni kwa sababu ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, nayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hujiona yu mzima, kumbe akili imekwisha kulegea na mikono inafanya mambo yake. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyatike wanaoteremsha pampu ya injini shimoni wanaijua hewa hiyo, hata kama hawajui jina lake. Rubani akiisha kuvaa, azungumze na mwenzake kwa mikrofoni iliyo ndani ya barakoa. Mmoja ashike ndege, na kazi yake iwe hiyo tu. Mwingine ashike kitabu cha maagizo. Waelekee uwanja ulio karibu, wauambie uwanja kwamba wanakuja, na huku wakienda watafute chanzo, wakizima umeme wa sehemu hii, kisha wa ile, waone kama moshi unapungua. Katika zile ndege ndogo za injini moja zinazotua viwanja kama vyetu, mara nyingi rubani yu peke yake, na kazi zote hizo ni zake: kuzima umeme, kufunga matundu ya hewa ili moto usipuliziwe, kutumia mtungi wa kuzimia moto, kisha kufungua hewa safi, na wakati wote huo kuangalia chini penye mahali pa kutua.

Sasa shikeni neno la muda. Wachunguzi wa Kanada walitazama ajali 15 za ndege zilizoshika moto angani. Wakakuta kwamba tangu moto kujulikana mpaka ndege kuanguka zilipita dakika kati ya 5 na 35. Dakika 5! Tunaye msimamizi anayetumia zaidi ya hizo kutafuta ufunguo wa stoo.

Kanada walikuwa na sababu ya kuhesabu. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair nambari 111 ilitoka New York kwenda Geneva. Ilipokuwa hewani kwa dakika kama 52 marubani walinusa kitu, wakadhani ni mitambo ya kupoza hewa. Moshi ulipoonekana waligeuza kwenda Halifax, wakavaa barakoa, wakafungua maagizo. Maagizo yenyewe, yakifuatwa yote, yaliweza kuchukua dakika 20 mpaka 30. Na tangu ile harufu ya kwanza mpaka ndege kuingia baharini zilipita dakika kama 21. Watu 229 walikufa, hakupona hata mmoja. Tazameni hesabu hiyo, ndugu. Ofisi iliandika maagizo marefu kuliko maisha yaliyokuwa yamebaki.

Na tangu siku ile wako watu wanaosema kosa ni la marubani, ati wangeteremka mara moja, ati walipoteza muda wakitaka kumwaga mafuta ili ndege iwe nyepesi. Wachunguzi walifanya kazi zaidi ya miaka 4, ripoti ikatoka 2003, nao walisema kwamba hata kama wangeanza kuteremka mara ile ile, wasingeweza kutua salama Halifax. Moto ulikuwa umekwisha kuwatangulia. Ulipata wapi chakula chake? Katika mablanketi ya kuzuia joto na kelele yaliyofungwa juu ya dari, ambayo ngozi yake ya plastiki ilishika moto. Na mablanketi hayo yalikuwa yamepita mtihani uliotakiwa wakati ule! Mtu aliyeketi mezani aliweka muhuri kwamba yafaa. Tena waya mmoja uliokutwa na alama za cheche ulikuwa wa mitambo ya sinema na michezo ya abiria, mitambo iliyoongezwa baadaye ili watu wasichoke safarini. Rubani hakushona blanketi. Rubani hakupitisha waya ule. Yeye alikuta moshi. Lakini jina lake ndilo linalotajwa kwanza, kwa kuwa maiti haijibu barua.

Twaujua wimbo huo. "Kosa la dereva." Nani kwenye reli hajausikia? Kabla vyuma havijapoa njiani, karatasi imekwisha kuandikwa.

Na sasa turudi kwa bwana yule anayesema tutashuka. Tarehe 3 Machi 1944, katika Italia, gari la moshi nambari 8017 lilikwama ndani ya handaki karibu na Balvano. Mlima ulikuwa mkali, makaa yalikuwa mabaya kwa sababu ya vita, magurudumu yakateleza, moshi ukajaa. Watu zaidi ya 500 walikufa mle ndani, wengi wao usingizini. Treni haikugongana na kitu, wala haikuanguka. Ilisimama tu katika moshi. Sisi hapa Kenya tangu 2019 tuna handaki la Ngong, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 4, na injini za dizeli zinapita ndani yake. Ukwame katikati ya handaki hilo, moshi umejaa. Shuka basi, bwana. Ushuke uende wapi? Sisi si Shadraka, Meshaki na Abednego, watoke tanuruni bila hata harufu ya moto kwenye nguo zao.

Lakini habari inayotuuma kuliko zote ni ya Riyadh, kwa sababu pale ndege ilitua. Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia nambari 163 iliruka ikiwa na watu 301. Baada ya dakika chache onyo la moshi likalia kutoka sehemu ya mizigo nyuma. Kapteni akageuza, akarudi, akatua vizuri kabisa juu ya njia yake. Hapo ndipo watu walipaswa kumiminika nje. Badala yake ndege iliendelea kutembea uwanjani kwa zaidi ya dakika 2 na nusu kabla ya kusimama, na iliposimama injini ziliendelea kuunguruma kwa dakika 3 na zaidi, na injini zikiunguruma hakuna awezaye kukaribia milango. Wahudumu waliokuwa nyuma pamoja na abiria, waliouona moto kwa macho yao, walikuwa wameuliza tena na tena kama wawatoe watu. Hawakupewa ruhusa. Mlango wa kwanza ulifunguliwa dakika 23 baada ya injini kuzimwa. Watu wote 301 walikuwa wamekufa, juu ya ardhi, na magari ya zimamoto yamesimama nje.

Mhudumu wa nyuma aliona. Mkubwa wa mbele hakuona. Aliyeona akangoja amri ya asiyeona. Ndugu wanachama, hiyo si habari ya Uarabuni peke yake. Hiyo ni habari ya gadi anayeona behewa linafuka akaambiwa asubiri, ya msafishaji anayesema waya unanuka akaulizwa amesoma mpaka darasa la ngapi. Pua haina darasa!

Mfano wa kinyume upo pia. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya Varig ya Brazil ilikuwa inakaribia uwanja wa Orly, Paris, na moshi kutoka choo cha nyuma ukajaa mpaka marubani hawaoni saa zao. Walifungua madirisha ya pembeni, wakatazama nje, na kapteni akaiweka ndege shambani, kilometa kama 5 kabla ya kufika uwanjani. Uwanja ulikuwa mbele yake kabisa, hakuungoja. Kati ya watu 134 walikufa 123, karibu wote kwa moshi, lakini 11 walipona. Alikuwa na mamlaka ya kusema "hapa hapa", akaitumia.

Sasa tusikilize habari ya chama, maana ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai na marubani 2, imebeba betri za lithiamu maelfu kwa maelfu. Dakika 22 baadaye kengele ya moto ikalia. Kapteni aliambiwa kwamba Doha ni karibu zaidi, akachagua kurudi Dubai alikotoka. Hatumhukumu, kwa kuwa dakika ile hakuweza kujua moto ni mkubwa kiasi gani. Oksijeni yake ikakatika. Akaacha kiti kwenda kutafuta nyingine, hakurudi tena. Rubani wa pili akabaki peke yake, haoni saa, haoni nje, hawezi hata kubadili namba za redio, mpaka ndege nyingine zilizokuwa angani zikawa zinampelekea maneno. Haikufika nusu saa tangu kengele ile, wote wawili walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata, 2011, ndege ya mizigo ya Asiana ya Korea ikashika moto nayo, marubani 2 tena.

Marubani wa UPS wana chama chao, Independent Pilots Association. Chama hicho hakikupeleka maua tu. Kiliketi na kampuni katika kamati moja ya usalama, na kamati ikaleta vitu vya kushikika: barakoa zinazofunika uso mzima na kuvaliwa upesi, makontena ya mizigo yanayostahimili moto, na mfuko wa plastiki angavu unaojaa hewa mbele ya rubani. Anabana uso wake juu ya mfuko ule, na ng'ambo ya pili unagusa saa, basi anaona hata chumba kikiwa cheusi kama chungu. Kitu kidogo! Kingalikuwapo siku ile... lakini tusiseme zaidi, watu wale wana watoto. Tena tangu tarehe 1 Aprili 2016 shirika la dunia la usafiri wa anga limekataza betri za lithiamu-ioni zisizofungwa ndani ya vyombo kubebwa kama shehena katika ndege za abiria. Sheria hiyo wino wake unajulikana umetoka wapi.

Na kwetu? Twaijua sehemu moja ya kazi, hatutaitaja, ambako mtungi wa kuzimia moto umefungwa kabatini ili usiibiwe. Umepakwa rangi nyekundu kila mwaka kabla ya mkaguzi kuja. Ufunguo hukaa mfukoni mwa bwana ambaye saa kumi na moja jioni amekwisha kwenda nyumbani, na zamu ya usiku inabaki na picha ya mtungi iliyobandikwa ukutani. Tulipouliza juu ya barakoa tuliambiwa ziko katika makisio ya mwaka ujao. Mwaka ujao umekwisha kuja mara tatu.

Wanachama wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyi kazi mwenye sababu ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu amwambie msimamizi wake, na mpaka hatari iondolewe, mwenye mahali pa kazi asimlazimishe kurudi humo. Aliyetoka kwa sababu hiyo ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Kifungu cha 9 chataka kamati ya usalama mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi, na wafanyi kazi wawe na wajumbe wao humo. Basi anayekwambia "rudi ndani, ni moshi kidogo tu" anavunja sheria ya Kenya. Mjibu kwa adabu, mwite bwana, lakini usirudi.

Twataka vilevile kuulizwe maswali juu ya viwanja vyetu viwili. Kanuni za dunia zasema kikosi cha zimamoto cha uwanja unaotakiwa kuwa nacho kifike popote kwenye njia ya ndege kwa muda usiozidi dakika 3. Wananchi wa Homa Bay na Migori wana haki ya kuonyeshwa, si kuambiwa. Ndege ikija Kabunde na moshi chumbani, ni gari gani litaikimbilia, nalo lina maji na povu? Lichota, anayeshika zamu amefundishwa kufungua mlango wa ndege kutoka nje, au atasimama kama wale wa Riyadh? Nani amefanya zoezi, na lini? Wasituambie kwamba ni viwanja vidogo. Tarehe 7 Agosti 2013 jengo la kupokea abiria wa nchi za nje liliteketea katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulio mkubwa kuliko yote nchini, na iliripotiwa habari za watu kupitishiana ndoo za maji. Ikiwa wakubwa walifikia ndoo, wadogo watafikia vikombe.

Na sisi tuna neno letu la kutenda. Ziwani, kutoka Mbita mpaka Muhuru Bay, wavuvi wa omena siku hizi hutumia taa za betri, na betri hizo pamoja na zile za simu huwekwa katika mizigo bila fikira. Betri ya lithiamu iliyopigwa au kuvimba huweza kujiwasha yenyewe. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya Ethiopian Airlines ilishika moto ikiwa imeegeshwa London, hakuna mtu ndani, kwa sababu ya betri ya lithiamu ya chombo kimoja kidogo ambacho waya zake zilibanwa. Kwa hiyo ukisafiri kwa ndege, betri ya akiba ikae nawe kwenye mkoba wa mkononi, isiende na mizigo ya chini, ili ikifuka ionekane. Iliyovimba iache nyumbani. Na ukipakia behewa ukaona boksi la betri limepasuka, simamisha upakiaji, hata kama mwenye mali anapiga kelele.

Barua ya madai iko kwa makatibu wa matawi. Ina mambo manne: mitungi itolewe kabatini na kupimwa mbele ya wajumbe wetu, barakoa na taa za mkono ziwekwe katika kila injini na kila zamu ya usiku, mfanyi kazi wa cheo chochote aruhusiwe kusimamisha kazi akiona au kunusa moshi, na aulizwe baadaye, na maswali ya Kabunde na Lichota yajibiwe hadharani. Someni, tieni sahihi, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Wanachama walio Kisumu wapeleke zao kwa katibu wa tawi kabla ya siku ya mshahara, maana baada ya siku hiyo twajua hawatapatikana.